Tovuti za kumtafuta askari wa msafara wa KR-8: ipi inafaa, ipi itakumalizia bando

Nyanza na Magharibi zina familia zinazojua jina la babu aliyekwenda Keya, yaani jeshi la Waingereza, na hakurudi, na maelezo yanayobaki ni mafupi: alizama na meli, alikuwa anapelekwa Burma. Ukisikia hivyo, meli ya kwanza kuulizia ni Khedive Ismail ya msafara wa KR-8, iliyozama tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kinachofuata ni tathmini ya tovuti ambazo mtu wa Kisumu, Busia au Nakuru anaweza kuzitumia kwa simu au kwenye cyber. Kipimo ni kimoja tu: je, zinakutoa kwenye hadithi ya nyumbani hadi kwenye jina lililoandikwa, pamoja na kumbukumbu ya manowari zilizokuwa zikiilinda meli hiyo?

Uamuzi kwanza, kwa mwenye haraka. Kwa jina la askari, nenda CWGC, yaani Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa orodha ya meli za msafara, Convoyweb. Kwa Petard, mojawapo ya manowari zilizoilinda meli hiyo, uboat.net. Tovuti ya naval-history.net ni ya mabaharia wa Uingereza, si ya askari wetu. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew iache iwe ya mwisho, kwa sababu huko ndiko utakakolipa. Kasoro inayozikumba karibu zote ni kwamba zinaijua manowari dakika kwa dakika, lakini askari aliyekuwa abiria humpati hadi ujue pa kubonyeza.

Ili ujue unachotafuta, shika mambo haya. KR ni herufi za misafara ya kutoka Kilindini kwenda Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo). KR-8 ulikuwa na meli tano za kubeba wanajeshi: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Khedive Ismail ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20, imeundwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Misri mwaka 1935 na kubadilishwa jina. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa 301 Field Regiment ya East African Artillery. Wengine walikuwa mabaharia wa Uingereza, wauguzi na wanawake wa vikosi vya usaidizi.

Ulinzi wa siku hiyo ulikuwa kruza (manowari kubwa) kuukuu, HMS Hawkins, na distroya (manowari ndogo zaidi) mbili, HMS Petard na HMS Paladin. Mchana, karibu na visiwa vya kusini vya Maldives, nyambizi ya Japani iitwayo I-27 ilifyatua torpedo na mbili zikaipata Khedive Ismail. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Aliyekuwa chini ya sitaha hakuwa na muda hata wa kuifikia ngazi, na hiyo ndiyo sababu ya hesabu kuwa mbaya hivi: waliokufa 1,297, waliookolewa wanaume 208 na wanawake 6. Meli nyingine zilitawanyika kwa amri, kama kanuni ya misafara inavyotaka, kwa maana meli ya abiria ikisimama kuokoa watu inakuwa shabaha ya pili.

Kilichofuata ndicho kinachofanya kumbukumbu za Petard zisomwe kwa makini. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali manusura walipokuwa wakielea. Petard ikadondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji katika eneo hilohilo, na baadhi ya waliokuwa wamenusurika torpedo wakauawa na mabomu ya mlinzi wao. Hesabu ya kijeshi ni rahisi kuieleza na ngumu kuimeza: nyambizi ikiachwa, kuna meli nyingine nne zimejaa watu. I-27 ilipolazimika kuibuka, mizinga ya distroya haikuweza kulimaliza gamba lake. Paladin ikajaribu kuigonga kwa omo, ikageuza dakika ya mwisho, na bawa la nyambizi likalipasua tumbo lake hata ikaanza kujaa maji. Petard ikageukia torpedo, ikakosa mara kadhaa, na ya saba ndiyo iliyopata. Tangu shambulio la kwanza hadi hapo ni kama saa mbili na nusu.

Sasa tovuti zenyewe.

CWGC ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi yenye askari wa kawaida mmoja mmoja, na kusoma ni bure. Wengi huishia njiani kwa sababu wanaanza na jina. Usianze na jina. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, na sikio lake halikuwa la Kijaluo, la Kibukusu wala la Kinandi. Fungua utafutaji wa kina wa waliokufa vitani, kisha uache visanduku vya majina vitupu. Chagua Vita Kuu ya Pili na jeshi la nchi kavu. Kwenye tarehe ya kifo weka 12 Februari 1944 mwanzo na mwisho. Kwenye kikosi andika East African Artillery. Ikileta kidogo kuliko unavyotarajia, ondoa kikosi na badala yake uweke mahali pa ukumbusho: East Africa Memorial, nchi Kenya. Ni ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, na ndipo askari wa 301 wasio na kaburi walipoandikwa.

Orodha itakuwa ndefu. Usiipitie ukurasa kwa ukurasa kwenye simu, maana itakula bando na macho yatachoka kabla hujafika herufi ya M. Tovuti inakuruhusu kupakua matokeo kama jedwali, basi lipakue mara moja, zima data, kisha tafuta ndani ya jedwali kwa vipande vya jina. Kipande ni bora kuliko jina zima. Ng'ong'a huenda imepoteza apostrofi zake zote mbili, kwa hiyo tafuta "ong". R na L hubadilishana, hasa kwa majina ya Waluhya. B inaweza kuwa MB, na D ikawa ND. Kwa Wakalenjin jaribu mara mbili, moja kwa jina lenyewe na nyingine kwa "arap", kwa sababu kuna makarani walioichukua arap kuwa ndiyo jina. Na usisahau jina la ubatizo. Mtu aliyejulikana kijijini kama Wafula anaweza kuwa aliandikishwa kwa jina la misheni, na la baba yake likafuata. Herufi s/o katikati ya majina mawili humaanisha mwana wa fulani, si jina la tatu.

Ukipata jina linalofanana, thibitisha kwa mahali, na hapa ndipo watu wa upande wetu huteleza. Usitafute Siaya wala Bungoma. Mwaka 1944 wilaya hizo hazikuwepo. Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga za leo zilikuwa kwa jumla chini ya North Kavirondo. Kisumu na Siaya zilikuwa Central Kavirondo. Kisii pamoja na Homa Bay na Migori zilikuwa South Kavirondo. Jina Kavirondo lilibadilishwa kuwa Nyanza mwaka 1948, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa baada ya hapo inaweza kusema North Nyanza kwa mtu huyohuyo. Ikiwa sehemu ya maelezo ya ziada imejazwa, utaona jina la baba na mahali. Ikiwa tupu, shika nambari ya jeshi, kwani ndiyo isiyobadilika hata jina likiandikwa namna tatu.

Kuna mtego mwingine. Orodha hiyohiyo ina maofisa na masajini Wazungu wa kikosi, na wao mara nyingi ndio wenye maelezo marefu, pamoja na umri na majina ya wazazi. Usione ukurasa wa mmoja wao umejaa ukadhani wa babu yako una hitilafu. Na ukiandika jina la meli kwenye kisanduku cha kikosi utapata wafanyakazi wa meli tu, kwa kuwa mabaharia wa meli za kiraia huorodheshwa kwa chombo chao, ilhali askari huorodheshwa kwa kikosi chake. Ndiyo sababu kuna watu huapa kwamba CWGC haina Waafrika wa Khedive Ismail. Wamo, ila hawakuwekwa chini ya jina la meli.

Ukurasa wa kila mtu una cheti cha ukumbusho cha kupakua bure. Chapisha kwenye cyber kwa karatasi nzito kama unataka kukiweka kwenye fremu, lakini cha maana zaidi kunakili ni nambari ya safu kwenye ukuta wa ukumbusho. Bila hiyo utazunguka Barabara ya Ngong ukisoma majina hadi shingo iume.

Angalizo kwa wanaotafuta mababu wa vita ya kwanza, wale wapagazi wa Kariakoo: njia hii haitawafaa sana. CWGC yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi waliokufa 1914–1918, wapagazi wakiwa wengi miongoni mwao, hawakuandikwa majina. Kwa vita ya pili hali ni bora zaidi, na kwa siku kama 12 Februari, ambayo jeshi lilikuwa na orodha ya waliopanda meli, ni bora zaidi ya hapo.

Uboat.net ni nyepesi, inafunguka hata kwenye mtandao unaokatika, na kwa manowari za Washirika ni vigumu kuishinda. Ingia sehemu ya manowari za Washirika, chagua Uingereza, distroya, aina ya P, kisha Petard. Hakikisha nambari ya ubavuni ni G56, maana majina ya manowari hurudiwa. Paladin ni G69. Utaona ilipoundwa, kiwanda cha Vickers-Armstrongs mjini Newcastle, ilipotiwa majini Machi 1941, na kuanza kazi Juni 1942. Jedwali la makamanda lisome kwa tarehe. Mark Thornton ndiye aliyekuwa kamanda mwaka 1942, na siku ya Khedive Ismail alikuwa Rupert Egan. Makosa mengi ya mitandaoni kuhusu Petard hutokana na kumweka Thornton mahali pa Egan.

Tovuti hii ina ukuta mmoja ambao lazima uujue. Sehemu yake ya meli zilizoshambuliwa ni ya nyambizi za Ujerumani tu. Khedive Ismail ilizamishwa na Mjapani, kwa hiyo ukiitafuta humo hutaipata, na si kosa la tovuti. Kisa chake utakikuta kwenye matukio ya manowari zilizoilinda. Kwa upande wa nyambizi yenyewe, combinedfleet.com ina mwenendo wa I-27 tarehe kwa tarehe, chini ya kamanda wake Fukumura Toshiaki. Soma huko kwa tahadhari ya saa, nitakayoieleza chini.

Utaona pia kwamba Petard inasifiwa zaidi kwa jambo lingine, na kwa haki. Tarehe 30 Oktoba 1942, baharini upande wa Port Said, ilishiriki kuiibua nyambizi U-559 ya Ujerumani. Mabaharia wa Petard, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliogelea hadi ndani ya nyambizi wakatoa vitabu vya siri vya Enigma, mtambo wa Wajerumani wa kuficha ujumbe, wakazama nayo. Kijana wa kantini, Tommy Brown, akanusurika na vitabu vikafika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri. Ongeza nyambizi ya Italia, Uarsciek, Desemba mwaka huohuo, na I-27, upate manowari iliyozamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya adui. Yote hayo ni kweli. Ila waandishi wengi wakishafika Enigma kalamu inapunguza mwendo, na KR-8 inapewa aya moja. Kwa msomaji wa Kisumu mizani ni kinyume.

Convoyweb imejengwa juu ya kazi ya Arnold Hague, na kwa swali la nani alisafiri na nani ndiyo ya kuaminika. Chagua mfululizo wa KR, kisha namba 8. Utapata meli, uzito wake, na walinzi pamoja na tarehe zao. Tarehe hizo za walinzi zisome polepole. Manowari za kusindikiza hupokezana njiani kwa sababu ya mafuta na kwa sababu kila kamandi ina mpaka wake, kwa hiyo kuona jina la manowari kwenye orodha si ushahidi kwamba ilikuwepo siku ya shambulio. Hifadhidata yake ya bandari ni hazina nyingine: weka jina la meli upate bandari ilizoingia na kutoka, na hapo utajua kama chombo anachokitaja mzee kiliwahi kweli kutia nanga Kilindini mwaka huo.

Udhaifu wake ni umbo. Kurasa zimegawanywa kwa fremu za kizamani. Kwenye simu menyu inajificha, orodha inakatwa upande wa kulia, na ukibonyeza kurudi unatupwa mwanzo. Washa mwonekano wa kompyuta kwenye kivinjari na ulaze simu. Afadhali zaidi, tumia kompyuta ya cyber kwa nusu saa, uhifadhi ukurasa kama PDF, kwa kuwa anwani ya juu haibadiliki na ukiituma kwa ndugu kwenye WhatsApp ataishia kwenye mlango wa tovuti.

Naval-history.net nitaipita haraka. Ina historia za manowari moja moja na orodha za vifo vya jeshi la majini siku kwa siku. Kama unafuatilia baharia, ni nzuri sana. Kama unafuatilia mpiga mzinga wa Kakamega, hayumo, kwani si orodha yake.

Kuhusu saa. Kumbukumbu za majeshi ya majini huandika saa 24 na herufi ya ukanda. Z ni saa ya Greenwich, C ni saa tatu mbele, E ni saa tano mbele. Shambulio la saa 1430 kwa ukanda wa meli, yaani saa nane na nusu mchana kwetu tunavyohesabu, litaonekana 0930 kwenye chanzo kinachotumia Greenwich na 1830 kwenye chanzo kinachofuata saa za Tokyo. Si matukio matatu. Kwa tukio la mchana tarehe haiharibiki. Kwa matukio ya usiku wa manane inaweza kuruka siku nzima, na hapo utafutaji wa CWGC kwa tarehe moja utakosa watu. Ongeza siku moja kila upande. Fanya hivyo hata kwa KR-8, kwa ajili ya waliookolewa wakafa baadaye kwa majeraha.

Kew sasa. Kutafuta kwenye orodha yake ni bure, nakala ndizo za kulipia kwa pauni, kwa kadi ya benki. Ripoti za misafara ziko kwenye mfululizo wa ADM 199. Mwenendo wa meli za kiraia uko BT 389, umeshapigwa picha na unapakuliwa, hivyo ndio wa kuanzia kwa sababu humsubiri mtu akakupekulie faili. Usiagize daftari la safari la Petard. Madaftari ya miaka ya vita ya manowari ndogo kuliko kruza kwa sehemu kubwa hayakuhifadhiwa, na kuna watu hulipia upekuzi ili waambiwe hivyo. Hawkins ilikuwa kruza, kwa hiyo ukitaka kilichoandikwa siku hiyo kwenye daraja la nahodha tafuta jina lake kwenye ADM 53, mwezi Februari 1944.

Kabla ya kutuma pauni, ingia ofisi za hifadhi ya taifa zilizoko Kisumu, Kakamega au Nakuru. Huko hutapata orodha ya meli. Utakachoulizia ni mafaili ya wilaya ya miaka ya arobaini, hasa barua za ofisi ya DC (mkuu wa wilaya) kuhusu malipo na mali za askari waliokufa. Nenda na nambari ya jeshi kutoka CWGC, jina kwa tahajia zote ulizokuta, jina la baba, na lokesheni ya wakati ule, si kata ya leo. Ukienda na jina moja tu la ukoo utarudishiwa kitabu cha wageni usaini, basi.